Mama Aliyesimama Nyuma ya Michongoma

Mjukuu wangu ameajiriwa ukarani. Juzi aliniuliza, "Babu, kazi yenu zamani ilikuwa kuandika tu?" Nilimjibu ndiyo, naye akaridhika akaenda zake. Mimi sikuridhika, maana nilikuwa nimemdanganya. Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili yake na kwa nyinyi wenzake mnaoanza kazi za ofisini. Yasomeni taratibu. Nitaeleza kila kitu, na pale nilipokosea sitapaficha.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa karani mkalimani katika boma la Mbeya. Bwana Shauri, yaani mzungu aliyesikiliza mashauri ya wilaya, aliketi mezani. Wenye shauri waliketi kwenye benchi, nami nilisimama kati yao. Nilichukua maneno kwa Kiswahili nikayapeleka kwa Kiingereza, kisha nikayarudisha, na mwisho nikaandika. Kinyakyusa na Kisafwa nilikuwa navisikia nusunusu, kwa kuwa mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Maneno yakizidi kina tulimwita Asegelile, tarishi wetu, mwenyeji wa upande wa Tukuyu, aje atusaidie.

Msidhani nilianza nikiwa hodari. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja na shauri la ng'ombe. Alisimulia muda mrefu: ng'ombe huyu alitoka kwa shangazi, yule alizaliwa njiani, mwingine alivunjika pembe. Mimi nikaona Bwana Shauri anapiga miayo, nikamfupishia. Mzee alininyamazia mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha jeshini:

"Karani, mimi nilikwenda Burma na hawa Waingereza. Nimekusikia. Nilipoanza kusema nilikuwa na ng'ombe saba. Kwa Kizungu chako wamefika wawili. Hao watano umewachinjia wapi?"

Benchi zima lilicheka. Tangu siku hiyo matarishi waliniita Bucha.

Aliyenitoa katika aibu hiyo ni karani mkuu wetu, Mzee Shomari, mtu mwenye asili ya pwani ambaye wazee wake walifika Mbeya na biashara wakahamia moja kwa moja. Alikuwa na kofia ya viua na hasira za dakika moja. Alinifundisha mengi ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha serikali. Simama karibu na mnyonge, si karibu na mkubwa, maana mkubwa atapaza sauti mwenyewe. Usimtazame bwana usoni wakati mtu anasema, utaanza kuyapunguza maneno kadiri uso wake unavyokunjamana. Nibu mpya ya kalamu itie mate kwanza, la sivyo wino utakimbia. Na chai usinywe kabla ya shauri la Wanyakyusa, kwa sababu salamu zao peke yake zitakumalizia kibofu.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja. Kabla ya baraza kufunguliwa, karani azunguke jengo zima kwa miguu, mzunguko mmoja, na amsalimu kila aliyeko nje.

"Kwa nini, mzee?" nilimuuliza. "Si wataitwa?"

"Wenye neno zito hawakai benchi la mbele," alisema. "Wa benchi la mbele wamekuja kuonekana. Wewe kamtafute aliyeegemea ukuta wa nyuma."

Nilizunguka kila siku kwa miaka mitatu. Nitakayowasimulia ni ya siku ambayo sikuzunguka. Na nitawaambia mwisho wake mapema, ili msisome mkitumaini: mtoto hakurudi.

Mtoto huyo alikuwa wa kike, wa miaka miwili na nusu hivi, jina lake Subilaga. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Baba yake alikwenda migodini, na kilichorudi ni habari ya kifo chake. Mguu wa kulia wa mtoto ulikuwa umepinda tangu kuzaliwa, kiasi kwamba alijikokota kwa matako. Babu yake mzaa baba, Mzee Mwaisaka, alimpeleka hospitali ya misheni, na daktari akasema mguu kama ule hapa hautibiki, ila Ulaya wanaunyoosha.

Muuguzi mmoja wa pale, Mswidi, aliwaandikia rafiki zake kwao. Rafiki hao wakaja: Bwana Erik, mkewe Mama Karin, na binti yao Anna aliyekuwa na miaka kama minane. Walisafiri kwa meli karibu mwezi mzima, wakapanda treni mpaka Dodoma, wakapanda basi la shirika la reli kupitia Iringa mpaka Mbeya, vumbi limewajaa nyusi. Hawakuja kumtibu mtoto na kumrudisha. Walikuja kumchukua awe wao kabisa, kwa sheria, abebe jina lao. Wengi wenu mkisikia hivyo mtawachukia. Mimi niliwaona, na siwezi kuwachukia. Mama Karin alikuwa amefuma kofia ya sufu ya mtoto njia nzima baharini, akaifumua mara mbili kwa sababu hakujua ukubwa wa kichwa.

Sheria ilitaka ndugu wa mtoto wasikilizwe kwanza bomani, na maneno yao yaandikwe. Karatasi hiyo ndiyo ingepelekwa kortini Dar es Salaam. Mwandishi wa karatasi hiyo nilikuwa mimi.

Siku ya baraza ilikuwa mwezi wa sita. Wanaoijua Mbeya wanajua maana yake. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye paa za mabati, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nitaeleza bila kona: sikuzunguka jengo kwa sababu ya viatu. Nyuma ya boma kulikuwa na tope jekundu, nami niliwaza kuwa wageni wa Ulaya hawatamwona karani mwenye tope. Nilisimama barazani nikachungulia tu.

Nilimwona mwanamke mmoja nje ya ua wa michongoma. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka usoni, na mkungu wa ndizi uko chini karibu na miguu yake. Nilimwita kwa sauti, "Mama, kama una shauri ingia, baraza liko huku ndani!"

Alitikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea dirisha la ofisi, kisha akaugeuza mwili wote, akanipa mgongo.

Nikarudia, "Ingia, mama, mvua hiyo!"

Akasogea nyuma zaidi, nyuma kabisa ya michongoma, nikabaki naona kitenge tu. Nikasema moyoni, huyu ni wa kuuza ndizi, anaona haya. Nikaingia ndani.

Asegelile hakuwapo. Asubuhi hiyo alitumwa Ilomba na barua. Ndani walikuwapo Bwana Shauri, Mzee Mwaisaka na wazee wenzake wawili, na wageni watatu. Mtoto alikuwa mapajani mwa Anna, ananyonya pindo la gauni lake.

Mzee Mwaisaka alisimama. Aliongea vizuri, bila haraka. "Mwanangu alikwenda migodini, nikarudishiwa jina lake tu. Mkewe tulimzika siku huyu alipozaliwa. Mimi macho yanaondoka. Mguu wake mnauona. Leo anabebwa, kesho akiwa mkubwa nani atambeba? Kama hawa watamsimamisha, wamchukue. Nimesema."

Bwana Shauri akauliza, "Mpaka leo amelelewa na nani?"

"Na wake wa wanangu," alisema mzee.

Nami nikatafsiri: amelelewa na jamaa. Mnaona? Miaka mitatu imepita na bado Bucha anachinja. Wake wa wanawe walikuwa ng'ombe watano wengine.

Bwana Shauri akauliza swali la mwisho kama sheria ilivyotaka: "Kuna ndugu yeyote wa mtoto huyu anayepinga?"

Nililisema kwa Kiswahili, nikalisema tena kwa Kinyakyusa changu kibovu. Wazee walitazama sakafu. Tulisikia manyunyu kwenye bati. Nikachovya kalamu, nikaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: hakuna aliyepinga. Mzee Mwaisaka akatia dole gumba. Mama Karin alilia. Saa tano walikuwa ndani ya gari la misheni, safari ya Iringa.

Asegelile alirudi mchana, amelowa. Akaning'inizia koti lake msumarini akauliza, "Mama Ambonisye mmemsikiliza?"

"Nani?"

"Yule wa michongoma. Nimekutana naye barabarani anarudi Tukuyu. Hata kuitika salamu ameshindwa."

"Nilimwita mara mbili, akakataa kuingia."

Asegelile alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. "Angeingiaje, bwana? Mkwewe alikuwa ndani."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu baadhi yenu mmekulia mjini. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke hakuonana na baba wa mumewe. Hakukaa naye chumba kimoja, hakumtazama, hata jina lake hakulitamka. Akimwona njiani aliacha njia. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, tena nzito. Mama Ambonisye alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Mzee Mwaisaka. Alikuwa na mtoto mchanga wa kwake siku Subilaga alipozaliwa, akawanyonyesha wote wawili. Alitembea siku mbili kuja kusema neno lake. Alipoelekeza mkono dirishani alikuwa ananiambia: yumo humo, wewe njoo huku. Na kila nilipomwita kwa sauti kubwa, nilikuwa namfukuza.

Mbaya zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Kwetu Uhehe wa kukwepwa ni mama mkwe. Mimi mwenyewe nikimwona wangu pale Kihesa naingia kwenye mahindi ya watu na suti yangu. Niliyajua mambo ya ukwe kwa miguu yangu, ila siku ile miguu ilikuwa ndani ya viatu vipya.

Nilimweleza Mzee Shomari. Hakukasirika hata ile dakika yake moja, na hilo liliniogopesha. "Wamefika wapi?" aliuliza.

"Watalala njiani. Kesho Iringa, keshokutwa wanashika basi la Dodoma."

"Basi unangoja nini?"

Nilipata lori la mahindi alfajiri. Nilifika Iringa jua linaelekea kuzama, nimekaa juu ya magunia, sina hata leso safi. Niliwakuta kwenye nyumba ya wageni, wanakunywa chai ubarazani. Subilaga alikuwa amevaa ile kofia ya sufu. Aliponiona alinyoosha mikono, akidhani labda mtu mweusi huyu atakuwa anatoka kwao. "Juba," alisema. "Juba."

"Anasema hivyo tangu jana," Mama Karin aliniambia. "Maana yake nini?"

"Mama," nilijibu.

Alitabasamu, akidhani ndiye anayeitwa, akamkumbatia kwa nguvu, akageuka kumwambia mumewe. Sikumsahihisha. Hiyo nayo iko kwenye hesabu zangu na Mungu.

Kisha nilimweleza Bwana Erik yote: viatu, michongoma, mkwe. Alisikiliza ameshika kikombe kisichonywewa. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa shule huko kwao. Aliponielewa alisema, "Tukikosa basi tutakosa meli. Lakini kama kuna mama anayekataa aondoke, tutangoja. Niambie, alisema nini?"

Vijana wangu, hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimekimbia siku nzima juu ya magunia kuleta maneno ya mtu ambaye sikumsikiliza. Kwa haraka yangu ya kusahihisha kosa nilikuwa nimelirudia. Tukuyu kulikuwa karibu kuliko Iringa, na sikwenda.

"Sijui," nilisema.

"Alikuwa anapinga?"

"Nadhani."

"Labda alikuja kumuaga mtoto," alisema Mama Karin. Sauti yake iliniomba nikubali.

"Huenda," nilisema. "Sikumsikia."

Bwana Erik alitoa nakala ya karatasi kutoka mfukoni mwa koti, akaikunjua. "Hapa pameandikwa hakuna."

"Niliyeandika ni mimi."

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Na hii ina mhuri. Unachosema sasa hakina hata neno moja la huyo mama."

Walizungumza wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswidi muda mrefu, wakaingia ndani. Asubuhi wakaondoka. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka basi likazama kwenye mteremko. Anna alinipungia mkono, halafu akaushika mkono wa mtoto akaupunga pia.

Niliporudi Mbeya nilimwambia Bwana Shauri. Alisema baraza likishafungwa limefungwa, na babu ndiye mwenye mtoto kwa mila yetu wenyewe. Huenda ni kweli. Huenda mama yule angesikilizwa na bado angeshindwa, na mguu wa mtoto huenda ulinyooshwa kama walivyoahidi. Nimeyafikiri hayo yote miaka mingi. Hayanifuti mimi pale barazani na viatu vyangu.

Jumamosi yake nilifuatana na Asegelile mpaka kwa Mama Ambonisye. Tuliuliza kwanza Mzee Mwaisaka yuko wapi, tukaambiwa yuko bondeni kwenye ng'ombe. Ndipo tukaingia kwa mlango wa nyuma, kama wezi wenye adabu.

Tulimkuta anamenya ndizi. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Asegelile alisalimia, "Ugonile, juba." Aliitikia bila kuinua kisu. Aliponitambua alinitazama muda, akasema neno, na Asegelile akasita.

"Sema lote," nilimwambia Asegelile. "Usinipunguzie."

"Anasema, huyu ndiye yule mwenye sauti kubwa."

Niliomba radhi. Sikuomba anijibu. Nilimwambia nimekuja na karatasi, wino na kalamu, nitaandika neno lake lolote, nakala moja iende bomani na nyingine kwa wale watu Ulaya. Nilimweleza pia, maana si vizuri kumdanganya mtu kwa karatasi, kwamba barua haitamrudisha mtoto.

"Kwa hiyo ya nini?" aliuliza.

"Ili lisibaki lile langu peke yake," nilisema.

Aliosha mikono. Akaenda akasimama nyuma ya migomba, akatupa mgongo, akasema kutoka huko. Asegelile aliniambia ni kwa sababu anapinga alilosema mkwewe, na hata kama mkwe hayupo, jambo hilo halisemwi kwa uso.

Alisema, nami nikaandika yote. Kwamba aliwanyonyesha wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, na Subilaga ndiye wa kushoto. Kwamba mguu ule alikuwa anaukanda kila asubuhi kwa maji ya moto na mafuta. Kwamba mtoto akilia asiinuliwe kwa kuvutwa mkono, ashikwe kwanza nyonga, kwa kuwa ndiko kunakouma. Kwamba ndizi zilizopoa hali. Kwamba asiambiwe alitupwa. Tukasikia mtoto wake akigonga sufuria ndani. Kisha akauliza jambo, na Asegelile akanigeukia.

"Anauliza, umeandika kwamba hakukubali?"

Nilikuwa sijaandika. Sentensi hiyo, kwa mkono wangu, ikienda kwenye jalada moja na ile ya kwanza, ingeonyesha kwamba karani alimwandikia serikali uongo. Nilijua hivyo. Mzee Shomari alikuwa ameniambia hivyo pia, kisha akanipa karatasi. Wiki tatu baadaye, Bwana Shauri alipomaliza kuisoma, nilihamishiwa Njombe kuandika leseni za baiskeli, na kama jibu lilitoka Uswidi lilinipita njiani. Lakini hayo yalikuwa bado. Pale migombani kulikuwa na mgongo wa mama yule, na kalamu.

Niliandika: mimi niliyemnyonyesha sikukubali. Nilikuja bomani kusema hivyo na sikusikilizwa.

"Nimeandika," nilisema.

"Asome," alimwambia Asegelile.

Nilisoma kwa Kiswahili, Asegelile akatia kwa Kinyakyusa. Alitaka nirudie, nikarudia. Akataka tena. Mara ya nne nilijikwaa katikati, pale penye neno bomani, nikaanza upya tangu mwanzo. Mara ya tano aliinua mkono bila kugeuka.

"Basi," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Sasa umesikia."